Balozi mzoefu afaa kuwa mgombea mwenza? Sisi wa Goma tunamkumbuka Susan Rice

#1 Mwana_Birere (Goma), 31 Julai 2020
Wakubwa na wadogo, jambo yenu.

Kule Marekani Joe Biden aliahidi tangu Machi kwamba mgombea mwenza wake atakuwa mwanamke, na sasa redio zinataja majina kila jioni. Jina moja linanikosesha usingizi: Susan Rice. Hajawahi kuomba kura hata ya mtaa. Maisha yake ya kazi ni diplomasia na ofisi za juu: msaidizi wa waziri wa mambo ya nje kwa Afrika 1997 hadi 2001, balozi kwenye Umoja wa Mataifa 2009 hadi 2013, kisha mshauri wa usalama wa taifa wa Obama mpaka Januari 2017.

Biden akishinda ataapishwa akiwa na miaka 78. Huyo mwenza wake anaweza kuamka asubuhi moja akiitwa rais. Ndiyo maana nauliza: mtu aliyekomaa ubalozini anafaa kiti hicho?

Mimi nasema hapana, na sababu yangu niliitembea kwa miguu. Tarehe 20 Novemba 2012 nilikimbia kutoka mtaa wa Birere hapa Goma hadi mji wa Sake, mama yangu amekaa juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, godoro nyuma yake, sufuria mapajani. Siku hiyo hiyo kule New York Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2076, likawaambia waasi wa M23, walioingia mjini siku hiyo, watoke Goma. Likasema wanapata msaada kutoka nje. Nje wapi? Hakuna nchi iliyotajwa. Magazeti ya Marekani yenyewe yaliandika baadaye kwamba Rice ndiye aliyezuia Rwanda isitajwe. Anayekwepa kutaja jina watu wakiwa barabarani, mimi simkabidhi nchi.

#2 Mwalimu_Katindo (Goma)
Pole kwa mama, mdogo wangu. Ila mjumbe hauawi. Balozi hasemi yake, anasema ya aliyemtuma. Azimio lile ni la serikali ya Obama, na Makamu wa Rais wa serikali hiyo alikuwa nani? Biden mwenyewe. Ukimkataa Rice kwa ajili ya 2076, umkatae na Biden.

#3 Kadutu_Juu (Bukavu)
Mwalimu kaanza mapema leo. Biden kazaliwa 20 Novemba 1942. Siku Goma inaanguka alikuwa anatimiza miaka 70.

#4 Chukudu_ya_Sake
@Mwana_Birere nakumbuka msururu ule. Sisi tulikuwa upande wa kupokea, watu walifika miguu imevimba, wengine wakarudi kambini Mugunga kulala. Lakini swali lako lina maswali mawili ndani yake. Moja ni la Rice. La pili ni la mabalozi wote. Usiwatie wote gunia moja.

#5 Mwana_Birere
@Chukudu sawa, nakubali. Tuanze na la mabalozi wote basi.

#6 Lushois_wa_Kenya (Lubumbashi)
(Kenya ya kwetu, komini, siyo ya Nairobi. Naeleza mapema maana kila uzi naulizwa.)

Kwa mabalozi wote jibu limeshatolewa na historia. Mwaka 1960 Nixon alimchukua Henry Cabot Lodge, balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa tangu 1953. Watu walimwona kwenye televisheni akijibizana na Warusi, wakampenda. Kampeni ilipofika Harlem akaahidi kwamba Nixon ataweka Mweusi kwenye baraza la mawaziri. Nixon hakuwa amekubaliana na ahadi hiyo, ikabidi wairudishe nyuma. Wakashindwa uchaguzi. Kwa upande wa pili Kennedy alimchukua Johnson, mtu wa kura, akamletea Texas. Lodge alileta nini? Jimbo lake Massachusetts ndilo jimbo la Kennedy!

#7 Sheria_Ndogo (Goma)
@Lushois nisahihishe kidogo. Lodge alikuwa seneta kabla ya ubalozi. Alinyang'anywa kiti hicho mwaka 1952 na Kennedy huyo huyo. Kwa hiyo alizijua kura na kushindwa pia. Huwezi kumtumia kama mfano wa balozi asiyejua siasa.

#8 Lushois_wa_Kenya
Umenishika. Aksanti. Lakini hilo linanisaidia: kama mwenye uzoefu wa kura alijikwaa vile, asiye nao kabisa atafanyaje?

#9 Mwalimu_Katindo
Mtajeni na George Bush mzee. Balozi Umoja wa Mataifa 1971, mkuu wa ofisi ya Marekani Beijing 1974, akaongoza CIA, kisha Reagan akamfanya mgombea mwenza 1980. Akakaa umakamu miaka minane na urais minne. Balozi kamili huyo, na alishinda.

#10 Sheria_Ndogo
Na yeye alikuwa mbunge wa Texas kabla ya ubalozi, Mwalimu. Samahani.

#11 Mwalimu_Katindo
Usiombe samahani, ndiyo kazi ya vijana.

#12 Mama_Sambaza (Goma, Kituku)
Jambo banangu. Miye sina masomo mingi lakini niko nasoma yote. Mpaka imefungwa tangu mwezi wa tatu sababu ya corona. Malori inapita, sisi wa kubeba kichwani hapana. Samaki inalala hapa, bateja bangu bako Gisenyi, Rwanda. Banasema bakubwa bako banazungumza. Miezi ine banazungumza! Njo maana mi nauliza, ambasadere kazi yake ni kuzungumza mpaka lini? Makamu ya prezida anapaswa kuwa mutu mwenye kukata neno.

#13 Kadutu_Juu
Mama, hata huku mpakani Ruzizi ni hivyo hivyo. Pole sana.

#14 Mwana_Birere
Mama Sambaza kasema neno nililokuwa nalitafuta. Kukata neno. Balozi amefundishwa kuacha mlango wazi siku zote.

#15 Mwalimu_Katindo
Niwape jambo langu mwenyewe, maana naona mnafikiri kulainisha neno ni woga.

Zamani nilikuwa mkalimani wa kikao cha ardhi huko Masisi, wafugaji upande huu, wakulima upande ule. Tumekaa kwenye mabenchi ya shule, mvua inapiga mabati. Mzee mmoja akasimama akamwonyesha mwenzake kidole: "Huyu ni mwizi." Watu wote wakanitazama mimi. Nikatafsiri: "Anasema huyu alichukua bila kuuliza." Kikao kikaendelea hadi saa kumi, tukaweka alama za mpaka wa shamba kwa mawe. Hakuna aliyepigwa siku ile. Jioni yule mzee akanishika shati, akaniambia, "Mwalimu, umeuza neno langu." Sikuwa na jibu. Hadi leo sina. Lakini mawe yale yalikaa.

Ninyi mnaona kuuza neno. Mimi nimeona mawe.

#16 Chukudu_ya_Sake
Hii imenigusa, Mwalimu.

#17 Mwana_Birere
Nakuheshimu, Mwalimu, ila wewe ulilainisha neno mbele ya watu wote wawili, na wote walikuwa wamekaa humo chumbani. Sisi mwaka 2012 hatukuwa chumbani. Neno letu liliuzwa tukiwa njiani kwenda Sake. Na mawe hayakuwekwa.

#18 Sheria_Ndogo
Hapo naomba nipinge kidogo. Mawe yaliwekwa, kwa kuchelewa. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza lilipitisha azimio 2098, likaunda Brigedi ya kuingilia kati: Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi. Kura zote 15 zilikuwa ndiyo. Balozi wa Marekani siku hiyo bado alikuwa Rice, aliondoka katikati ya mwaka. Novemba 2013 M23 wakashindwa vitani. Kama tunampa lawama ya 2076, tumwandikie na 2098.

#19 Mwana_Birere
Hilo la 2098 nilikuwa sijaliunganisha na yeye. Nakubali liandikwe. Lakini miezi minne ile kati ya moja na lingine watu waliishi chini ya hema Mugunga.

#20 Mwananchi_wa_Ziwa (Kigoma, natembelea tu)
Salamu toka ng'ambo. Jumatano tumemzika Mzee Mkapa kule Lupaso, nyumba nyingi huku bado zina majonzi, na nimeshangaa hamjamtaja. Mkapa alikuwa balozi wetu Nigeria, Canada na Marekani, akawa waziri wa mambo ya nje mara mbili, kisha rais 1995 hadi 2005. Kikwete aliyemfuata alitoka wizara ileile baada ya miaka kumi. Tanzania tumetawaliwa na diplomasia miaka 20 na hatukufa.

#21 Kadutu_Juu
Poleni sana Watanzania. Mzee alikuwa na heshima huku.

#22 Chukudu_ya_Sake
Poleni. Sisi wa Kivu tunamjua kwa lingine. Mwisho wa 2008, vita vya muasi Nkunda vikiwa vimefika mlangoni pa Goma, yeye na Obasanjo wa Nigeria ndio walipewa usuluhishi. Makubaliano yakatiwa saini hapa mjini tarehe 23 Machi 2009. Sasa angalieni tarehe hiyo. 23 Machi. M23 ilichukua jina lake hapo, ikidai serikali haikutimiza.

#23 Lushois_wa_Kenya
Aisee. Sikujua jina limetoka kwenye karatasi ya amani.

#24 Mwana_Birere
Hiyo yote ni hoja yangu. Karatasi nzuri ya wanadiplomasia, miaka mitatu baadaye imekuwa jina la bunduki.

#25 Mwalimu_Katindo
Karatasi haina kosa. Waliotakiwa kuitekeleza hawakuwa mabalozi, walikuwa wanasiasa na majenerali, watu wa kukata neno.

#26 Mwananchi_wa_Ziwa
Tena niongeze, kwetu mgombea mwenza hachaguliwi kwa ubalozi wala kwa kura za jimbo. Tangu 1995 rais akitoka Bara, mwenza anatoka Zanzibar, na kinyume chake. Katiba imeshaamua nusu ya swali. Mama Samia alipatikana hivyo 2015.

#27 Sheria_Ndogo
Na kwetu Kongo? Katiba ya 18 Februari 2006 haina makamu kabisa. Rais akifa au akijiuzulu, kifungu cha 75 kinampa Rais wa Seneti kiti kwa muda mpaka uchaguzi ufanyike. Na Rais wa Seneti mwaka huu wa 2020 ni Alexis Thambwe Mwamba, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje kuanzia 2008 hadi 2012. Kwa hiyo tunabishana kuhusu Marekani, na kwetu aliyekaa karibu na kiti ametokea huko huko.

#28 Kadutu_Juu
Mnasema hatuna makamu, tulikuwa nao wanne! Moja jumlisha nne, yaani rais mmoja na makamu wanne, 2003 hadi 2006. Bemba, Ruberwa, Yerodia, Z'ahidi Ngoma. Yerodia alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Mzee Kabila, na Z'ahidi Ngoma alifanya kazi UNESCO. Nusu yao watu wa kimataifa. Na Juni 2004, wakiwa wote Kinshasa na misafara yao, Nkunda na mwenzake Mutebutsi wakaiteka Bukavu. Nilikuwa darasa la sita. Tulilala chini ya kitanda siku nne na baba alizuia tusiwashe hata mshumaa. Dada yangu mdogo alikohoa usiku kucha, mama amemfunika mdomo kwa kitenge. Makamu wanne, na hakuna aliyetusaidia hata mmoja.

#29 Lushois_wa_Kenya
Pole ndugu yangu. Ila hao hawakupigiwa kura na mtu. Waligawana viti kwa makubaliano ya Pretoria ya Desemba 2002. Mgombea mwenza ni kitu kingine: jina lake linakaa kwenye karatasi ya kura pamoja na la mkubwa wake, na mwananchi anaweza kuwakataa wote wawili.

#30 Kadutu_Juu
Najua. Nasema tu kwamba cheo cha makamu chenyewe hakina dawa ndani yake.

#31 Chukudu_ya_Sake
Kuna mfano mnaukwepa, nao unatuhusu. Malawi. Joyce Banda alikuwa waziri wa mambo ya nje tangu 2006. Mwaka 2009 Bingu wa Mutharika akamfanya mgombea mwenza, wakashinda. Wakakosana, chama kikamfukuza Desemba 2010, umakamu ukabaki kwa sababu ni wa kikatiba. Tarehe 5 Aprili 2012 Bingu akafa ghafla. Kukawa na watu waliotaka kumzuia asiapishwe, akaapishwa tarehe 7. Na wale Wamalawi wa Brigedi aliotaja Sheria_Ndogo kwenye #18, walitumwa yeye akiwa rais.

#32 Mwana_Birere
Ngoja. Unasema askari waliotusaidia walitumwa na mgombea mwenza aliyetoka wizara ya mambo ya nje?

#33 Chukudu_ya_Sake
Ndiyo ninavyosema.

#34 Sheria_Ndogo
Waziri wa mambo ya nje si balozi. Banda alikuwa mbunge na mtetezi wa wanawake kabla ya hapo, hakupita ubalozini. Mfano mzuri lakini si wa Rice.

#35 Mama_Sambaza
Uyu mutoto wa sheria hapendi mufano ya mutu yeyote 😂

#36 Sheria_Ndogo
Mama, nikiacha makosa yapite humu, kesho mtu atayanukuu kanisani.

#37 Kadutu_Juu
Jirani yetu Burundi mmemsahau. Nkurunziza kafariki 8 Juni, mwezi uliopita tu. Katiba ilikuwa inasema Spika wa Bunge ashike kwa muda. Mahakama ikaamua Ndayishimiye aapishwe moja kwa moja kwa kuwa ameshachaguliwa, akaapishwa tarehe 18. Siku kumi zile watu wa Uvira walikuwa wanalala na redio sikioni. Ndiyo maana nasema swali la kwanza liwe: akifa mkubwa, nani anashika, na watu watatulia? Balozi au si balozi ni swali la pili.

#38 Lushois_wa_Kenya
Kwa Kenya ile nyingine: Kalonzo Musyoka, waziri wa mambo ya nje wa zamani, msuluhishi wa Sudan, alikuwa mwenza wa Raila 2013 na 2017. Wakashindwa zote mbili. Lakini Raila hakumtaka kwa usuluhishi, alimtaka kwa kura za Ukambani. Naona hii ndiyo siri ya mambo: balozi huchukuliwa akiwa na watu nyuma yake. Rice nyuma yake kuna nani? Obama tu.

#39 Mwalimu_Katindo
Sasa umesema la maana kuliko mimi. Niongeze moja. Obama mwaka 2008 alimchukua Biden kwa sababu Biden alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya Seneti, na Obama alionekana mgeni wa dunia. Leo Biden ndiye anayetafuta. Dunia anaijua. Akimchukua Rice anaongeza chumvi kwenye chakula chenye chumvi. Kwa sababu hiyo, mimi mwenyewe niliyemtetea, nafikiri hatamchukua. Si kwamba balozi hafai. Balozi huyu kwa rais huyu.

#40 Chukudu_ya_Sake
Na Karen Bass je? Anatajwa pia. Ni mwenyekiti wa kamati ndogo ya Afrika kwenye Bunge lao, amechaguliwa kwa kura, na mambo yetu anayajua.

#41 Mwana_Birere
Huyo ningempokea.

#42 Mwananchi_wa_Ziwa
Ndugu zangu mnapiga kura ya Marekani mkiwa Goma. Nawapenda.

#43 Mwana_Birere
Kura hatuna, lakini azimio linatufikia. Ndiyo sababu.

#44 Kadutu_Juu, 12 Agosti 2020
Nafufua uzi. Jana Biden kamtangaza Kamala Harris. Seneta wa California, aliwahi kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Mwalimu alitabiri kwenye #39.

#45 Mwalimu_Katindo
Nilisema hatamchukua Rice. Harris sikumtaja, msinipe sifa isiyo yangu.

#46 Lushois_wa_Kenya
Mwendesha mashtaka. Kazi yake yote ni kutaja majina mbele ya hakimu. Kinyume kabisa cha balozi. @Mwana_Birere umeridhika?

#47 Mwana_Birere
Nusu. Nimemsomea mama uzi wote jana usiku. Nilipofika kwenye hadithi ya Mwalimu ya Masisi akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema yule mzee alikuwa na haki, na Mwalimu alikuwa na haki, akaenda kulala. Mimi bado nimebaki na langu.

Na kuna jambo jipya. Kama Rice amekosa umakamu, si atapewa wizara ya mambo ya nje Biden akishinda? Mwaka 2012 alijitoa mwenyewe kwenye kinyang'anyiro hicho, Desemba, baada ya kelele za shambulio la Benghazi, Libya. Safari hii nani atampigia kelele? Na faili letu, mnajua, halikai kwa makamu. Linakaa kwenye wizara hiyo.

#48 Sheria_Ndogo
Waziri lazima athibitishwe na Seneti. Makamu hathibitishwi na mtu zaidi ya wapiga kura. Kwa hiyo huko kuna mlango wa kuuliza maswali.

#49 Chukudu_ya_Sake
Basi tuandike maswali yetu mapema. Tumpelekee Karen Bass, yeye ana kamati ya Afrika. Mwalimu alainishe Kifaransa, Mwana_Birere aweke majina.

#50 Mama_Sambaza
Kwenye iyo barua mutie na mpaka. Leo tena banetu barudishwa.